Nirudishiwe Tumbo Langu Kama Lilivyokuwa

Chumba cha mbele, penye cherehani,
Jumatatu, baada ya chai ya asubuhi.

Kwa Mkwe wangu mheshimiwa, Mpima Viwanja Mstaafu,

Salamu za heshima zitangulie, malalamiko yafuate nyuma yake kwa adabu.

YAH: BINTI YAKO NA TUMBO LANGU

Mkwe wangu, barua yako niliipokea, nikaisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Umenieleza kwamba kiwanda cha sabuni kilichofunguliwa huko kwenu kinamtaka binti yako akawe mkuu wa wakaguzi. Kwamba watampa nyumba ya chumba kimoja na sebule, jirani kabisa na kwako. Kwamba mume wake, yaani mwanangu dereva wa lori, hupita huko kila mara, wakati hapa tunamwona kwa nadra kama mgeni wa serikali. Umeeleza pia kwamba binti yako amekataa kazi hiyo, na sababu aliyokupa ni kwamba hawezi kuniacha mimi, mjane, peke yangu na tumbo langu. Ukaniomba maoni kama mzee mwenzako, na ukadokeza kwamba mimi ninaweza kutafutiwa mpishi.

Maoni yangu ni haya: mchukue. Mchukue haraka iwezekanavyo, wala usimpe nafasi ya kubishana. Na ili usije ukadhani kwamba najikaza kisabuni tu, nimeamua kukuwekea sababu zangu kwa namba, kama watu waliosoma. Ukimaliza kusoma utaona mwenyewe kwamba aliyedhulumiwa hapa ni mimi.

Lakini kwanza nikueleze ugonjwa wenyewe, maana najua umeusikia nusunusu. Mimi na wewe ni wakwe, mambo yaliyo chini ya mkanda hatuyazungumzi, na hata sasa naandika huku nimegeuza uso. Daktari wa zahanati alinipima kila kilichopimika akasema hakuna kidonda wala uvimbe, ila utumbo wangu ni mwepesi wa kuchukia. Siku nyingine unafunga mlango kabisa. Siku nyingine unajaza gesi mpaka shati linanisogea. Mara nyingi unafanya yote mawili, ili nisijione nimebaguliwa. Akasema huu si ugonjwa wa kufukuza, ni wa kuishi nao kwa kuelewana. Nikadhani anazungumzia wakwe. Kisha akanituma kwa mtaalamu wa lishe, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kifuani, akaanza kunieleza chakula gani kinachochea gesi na kipi kinalainisha choo. Kwa bahati mbaya siku hiyo nilikuwa nimesindikizwa na binti yako. Mimi kwa aibu nilikuwa nikisoma bango la kupiga mswaki lililobandikwa ukutani. Yeye alisikiliza kila neno, na akauliza maswali. Hapo ndipo mambo yangu yalipoharibikia.

LALAMIKO LA KWANZA: Ameniharibia sifa ya uchapakazi.

Miaka yote gesi ilikuwa na utaratibu wake na mimi nilikuwa na wangu. Nikiisikia inakuja, nakanyaga cherehani kwa nguvu zote mpaka meza inatetemeka na mkasi unaanguka. Mteja aliyekaa kwenye benchi huona jinsi mzee anavyochapa kazi, hutikisa kichwa kwa heshima. Ikinikuta nimepiga goti kumpima mtu urefu wa suruali, hapo pagumu, kwa sababu ukiinama ndipo nayo inapopata njia, basi mimi hukohoa. Nina vikohozi vya kila namna, mkwe wangu: kifupi, kirefu, na kile cha mtu aliyepaliwa. Mtaa mzima ulijua kwamba Fundi ni mchapakazi mwenye kifua kibovu. Watu walinihurumia na kuniletea tangawizi.

Sasa binti yako amenipunguzia gesi. Sina tena sababu ya kuikimbiza cherehani, kwa hiyo nashona kwa mwendo wa kawaida. Kifua nacho kimepona kimiujiza. Majuzi mteja wangu wa miaka mingi, mama muuza mkaa, alinitazama kwa muda akaniuliza kwa upole kama uzee umeanza kunielemea. Ningemwambiaje kwamba ile kasi haikuwa yangu?

LALAMIKO LA PILI: Amenipokonya kitunguu, halafu akanipokonya na haki ya kununa.

Kwenye jiko lile kitunguu maji hakiingii. Majani yake mabichi ndiyo yanayoruhusiwa, yakikatwakatwa mwishoni. Kitunguu saumu hukaangwa kwenye mafuta, kikishatoa harufu huopolewa na kutupwa, mafuta ndiyo yanayobaki na kazi. Maharage nimerudishiwa majuzi tu, tena kwa kijiko, baada ya kulowekwa usiku kucha na kumwagwa maji yake na kuchemshwa mpaka yasahau asili yake. Tufaha hapana. Kabichi mara mojamoja, na iwe imeiva. Soda hata kuitaja ni kosa. Ndizi niile ikiwa ngumungumu, kabla haijaanza madoa meusi. Na nitafune taratibu, nisimeze hewa, nisile nikiwa nimesimama, nisiruke mlo halafu nikafidia jioni.

Ningeweza kulalamika kwamba chakula hakina ladha, na kila mtu angenielewa. Tatizo ni kwamba kina ladha. Nimekaa mezani nikitafuta kasoro kwa uma na kwa kijiko, nimekosa. Mtu akikunyima unavyovipenda halafu akakupikia vizuri hivyo, utakwenda kusema wapi?

Na mambo haya hayakuishia ndani. Katika sherehe ya chama chetu cha mafundi cherehani, wenzangu walijipakulia kwa fujo, sahani zimejaa kama vichuguu. Mimi nikafungua kontena la plastiki lenye kifuniko cha buluu, nililofungiwa na binti yako kwa mpira ili lisimwagike. Mwenyekiti wetu, tunayemwita Mzee Pasi kwa jinsi anavyounguza watu kwa maneno, akatangaza mbele ya kadamnasi kwamba Fundi ameanza upya chekechea. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa sikiliza. Mzee Pasi alikuwa amebeba maharage ya kutosha, kabichi mbichi juu yake, na soda ya kusindikizia. Ulipofika wakati wa hotuba alisimama, akasema mabibi na mabwana, akanyamaza. Akatazama dari. Akasema tena mabibi na mabwana. Ukumbi mzima ulidhani anatafuta neno zito. Mimi peke yangu nilijua anasikiliza nini. Aliketi kwa uangalifu mkubwa, na hotuba ile ikasifiwa kwa kuwa fupi kuliko zote alizowahi kutoa. Tangu hapo huja kwangu kila jioni na kontena lake mwenyewe, la kijani, na binti yako humpakulia bila hata kumuuliza. Amekuwa mpole. Chama kizima kinalalamika kwamba mwenyekiti hana makali tena, na lawama wananitupia mimi.

LALAMIKO LA TATU: Amegeuza salamu kuwa kipimo cha hospitali.

Hili ndilo zito, na nakuomba ulisome ukiwa umeketi.

Unajua heshima iliyopo kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe. Binti yako, uliyemlea vizuri, hawezi kuniuliza kama nimepata choo. Na mimi, hata kwa kushikiwa panga, siwezi kumjibu. Kwa hiyo akabuni njia ya adabu. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini husimama mlangoni, mkoba begani, akaniuliza umeamkaje baba. Nami humjibu, salama. Ningejibu nini kingine? Watu tunavyoishi, anayeulizwa ameamkaje ameamka salama. Hata mtu anayezama mtoni ukimsalimia kutoka ukingoni atakujibu salama kwanza, ndipo aombe kamba. Sikuwa na habari kwamba mwenzangu anaichukua ile salama yangu kama majibu ya maabara.

Mtaalamu wa lishe alikuwa amesema nipewe vyakula vya nyuzinyuzi kidogokidogo, viongezwe tu vikinikubali. Basi binti yako, kwa kusikia huku na huku kwamba pumba za ngano hufungua tumbo, akanitilia kijiko kwenye uji. Asubuhi, umeamkaje baba, salama. Akaongeza kijiko. Umeamkaje baba, salama kabisa mwanangu. Akaongeza tena, safari hii huku akiimba jikoni. Mkwe wangu, wakati huo mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo umepotea. Tumbo lilikaza likawa ngoma. Na kadiri nilivyozidi kuumia ndivyo nilivyozidisha adabu, nikawa najibu salama salimini, niko buheri wa afya, sijui nikushukuru vipi. Akampigia mume wake simu kumwambia kwamba dawa ya baba imepatikana. Mimi niliyasikia hayo nikiwa nimejilaza ubavu, magoti nimeyakunja, natazama ukuta.

Kilichoniokoa si ulimi wangu. Ni suruali zangu. Wewe unajua kazi ya binti yako ya kukagua sabuni: kiwandani haamini anachoambiwa na mchemsha sabuni, anaamini kipande kilichopo mkononi mwake. Siku moja akianua nguo kwenye kamba aliona kifungo cha suruali yangu ya kijivu kimehamishwa. Akatazama ya kahawia, nayo vilevile. Akageuza nyuma, akaona mshono wa kiunoni umefumuliwa na kushonwa upya kwa nafasi. Sisi mafundi hujitanulia kiuno kimyakimya, ndiyo faida yetu pekee, na kazi ile nilikuwa nimeifanya vizuri. Mtu mwingine asingeona. Alisimama pale kambani muda mrefu na suruali mbili mkononi.

Jioni ile pumba zilitoweka. Hakuna aliyesema neno. Ukaja uji laini wa shayiri na kijiko kidogo cha mbegu za kitani zilizosagwa, na pembeni jagi la maji, maana nyuzinyuzi bila maji, kumbe, ni kuziba juu ya kuziba. Pakaja na papai. Baada ya siku chache nilirudisha kifungo kimoja mahali pake. Nilikirudisha nikiwa peke yangu, na sioni haya kukwambia kwamba machozi yalinilengalenga kwa nafuu niliyoipata.

Lakini hasara yake ni hii. Tangu siku ile binti yako hasikilizi ninachojibu. Huniuliza nimeamkaje, hungoja niseme salama kwa heshima zote, hutabasamu, kisha hunitazama kiuno. Mzee mzima nakaguliwa vifungo. Haki iko wapi?

LALAMIKO LA NNE: Ananipima kama sabuni.

Kanuni yake ni kwamba hubadilishi vitu viwili kwa mpigo, la sivyo hutajua kipi kimeleta povu. Kwa hiyo baada ya kuninyima vitu vingi kwa wiki kadhaa, alianza kunirudishia kimojakimoja: kidogo leo, zaidi kidogo kesho, halafu tunatulia kuona tumbo linasemaje. Zamu ya maziwa ilipofika, gesi ikarudi kwa kishindo. Nikakanyaga cherehani kama zamani, mama muuza mkaa akafurahi kwamba nimepata nguvu. Maziwa yakahukumiwa siku hiyohiyo.

Kumbe maziwa hayana kosa. Kosa lilikuwa la jirani yangu muuza dawa, mtu mwema sana, ambaye kwa kukionea huruma kile kikohozi changu alikuwa ameanza siku zilezile kuniletea peremende zisizo na sukari. Nani alijua kwamba peremende nayo ni chakula? Mimi nilidhani ni hewa yenye harufu ya mnanaa. Mama wa lishe alikuja kutufafanulia baadaye kwamba ule utamu wa bandia unaotiwa humo, kwa tumbo kama langu, ndio kiwanda chenyewe cha gesi. Kwa hiyo ona mzunguko ulivyokuwa: nakohoa ili kuficha gesi, napewa peremende kwa sababu nakohoa, napata gesi kwa sababu ya peremende. Ningeweza kuendelea hivyo mpaka kaburini bila matatizo yoyote. Binti yako akafua shati, akakuta makaratasi ya peremende yamejaa mfukoni, akayapanga mezani kama ushahidi wa mahakamani. Maziwa yakaachiwa huru. Muuza dawa akaombwa kwa heshima ahamishie upendo wake kwa mtu mwingine.

LALAMIKO LA TANO: Kigoda.

Nalieleza hili kwa kifupi kwa sababu ya mahali lilipotokea. Asubuhi moja nilikuta kigoda cha jikoni kimewekwa chooni, mbele ya kiti. Nikadhani kimesahauliwa na aliyesafisha, nikakirudisha jikoni. Kesho yake kilikuwa kimerudi chooni. Nikakirudisha jikoni. Kikarudi. Tuliendelea hivyo, mimi na binti yako, tukipishana ukumbini na kigoda mkononi, tunasalimiana vizuri kabisa, na hakuna anayekitaja.

Mwishowe alimpigia simu mume wake, aliyekuwa kwenye foleni ya mizani ya malori huko mbali, ili yeye anipigie mimi, niliyekuwa hatua chache tu kutoka alipokuwa amesimama mke wake. Mwanangu naye, kwa sababu injini ilikuwa inanguruma, ilibidi apaze sauti. Alinieleza kwamba kigoda ni cha kuwekea miguu, kwamba magoti yakinyanyuka njia hunyooka, na kwamba nisijikamue bali nikae kwa utulivu baada ya chai, saa ileile kila siku, ili tumbo lizoee. Nina hakika madereva wote waliokuwa kwenye ile foleni sasa wanajua namna ya kukaa. Mimi nilikuwa nimeiweka simu mezani, spika ikiwa wazi, ili nipime kola ya karani wa posta, naye alisikia yote. Aliniomba kwa sauti ya chini nirudie ile sehemu ya magoti.

Kigoda kinafanya kazi. Naandika hivyo kwa shingo upande. Na kuna jambo jingine ambalo sikulitambua mpaka juzi: kila ninapoingia kule baada ya chai, redio ya jikoni hupandishwa sauti. Nilidhani binti yako anapenda habari za mazao. Kumbe anaipandisha ili mimi nisione haya. Hata taarifa ya bei za mbegu huisikiliza mpaka mwisho, akiwa amesimama, wakati anachelewa kazini.

LALAMIKO LA SITA, ambalo lilipaswa kuwa la nne, nimelisahau njiani: Ananituma dukani kwa uongo.

Kila baada ya chakula cha jioni chumvi huwa imekwisha. Au kiberiti. Au anataka kujua tu kama duka la pembeni lina uzi mweupe, mimi ambaye nimezungukwa na uzi mweupe pande zote. Nilikwenda na kurudi kwa utii kabla sijafungua kabati na kukuta pakiti za chumvi zimepangwa kama matofali. Mwenye duka yumo kwenye njama. Nikifika huniambia chumvi ipo lakini nizungukie upande wa pili kwanza maana anapanga bidhaa. Lengo, kumbe, ni mimi nitembee, kwa kuwa tumbo la mtu anayekaa kwenye cherehani kutwa nalo hukaa. Matokeo yake nimefahamiana na watu wa mitaa ambayo sikuwahi kuikanyaga, wamejua mimi ni fundi, wameniletea vitambaa, na sasa nina kazi kuliko mikono. Nimwombe nani fidia?

LALAMIKO LA SABA NA LA MWISHO: Hana alichoniachia.

Mkwe wangu, mimi nilikuwa mtu mwenye udhuru. Nikiitwa kamati ya harusi, tumbo. Kikao cha wapangaji, tumbo. Rafiki akitaka nimsindikize kununua godoro, tumbo, na watu walinielewa, wakaniacha nikakaa peke yangu humu chumbani na vitambaa vyangu. Tangu mama wa watoto alipoondoka nilikuwa nimezoea hivyo, mlango umerudishwa, redio imezimwa, nasikiliza tumbo likizungumza peke yake. Sasa nikisema tumbo, watu hunitazama nilivyonawiri wakacheka. Nimekaa kwenye kamati tatu. Mwezi uliopita nilicheza muziki kwenye harusi ya watu, nimefunga mkanda tundu lake la kawaida, na nilirudi nyumbani nimechoka kwa raha. Ukarimu wa aina hiyo haukuwamo katika makubaliano yetu ya ndoa.

Sitaki kumsingizia kwamba ameniponya. Tumbo bado lina siku zake; nikipata wasiwasi hukunja uso, nikila ovyo hulipiza. Mama wa lishe alishasema hivyo tangu mwanzo, kwamba orodha ya mwenzako si lazima iwe yako, na kwamba mtu hajifunzi tumbo lake kwa siku moja. Lakini sasa nikiumwa najua kwa nini, na nikijua kwa nini siogopi. Hata hofu yangu, mkwe wangu, ameichukua.

Kwa sababu hizo basi, naomba rasmi yafuatayo. Binti yako aamrishwe na wewe, kwa mamlaka ya baba, kuipokea ile kazi bila kuchelewa. Aondoke na mafuta yake ya kitunguu saumu, na mbegu zake, na majagi yake. Asiniachie maelekezo yoyote ya upishi, ingawa kama ataona ni lazima, basi yawe ya zile dengu anazozisuuza, na yale ya samaki, na ule uji, na aandike kwa herufi kubwa. Mwisho, nirudishiwe tumbo langu katika hali ileile aliyolikuta nayo, gesi zote zikiwemo, nami nitalipokea na kusaini.

Nisalimie mama wa nyumba hiyo, mkwe wangu mwenye huruma, na umwambie lile gauni lake la bitana nimelimaliza. Nisalimie ndugu zake binti yako wote, wanaonijua na wanaonisikia tu. Msalimie jirani yenu mfuga nyuki, na yule mama wa lango la pili anayeniulizia kila mara, na kila aliye na tumbo tulivu na kila asiye nalo. Nawatakia usingizi mwema na asubuhi nyepesi.

Ni mimi, niliye wako katika ukwe na katika uvumilivu,

Fundi.

NYONGEZA, iliyoandikwa Jumatano, bahasha ikiwa bado wazi:

Mkwe wangu, nimeisoma barua hii yote kabla ya kuifunga na naona imenigeuka. Nilikusudia uone jinsi nilivyokosewa, ili umchukue bila kusitasita na yeye aondoke bila kuangalia nyuma. Badala yake nimekuandikia kurasa zote hizi nikimlilia mtu ambaye hajaondoka. Chana yote yaliyo hapo juu, isipokuwa salamu.

Kazi ile ni yake na ataifanya. Hilo halibadiliki. Jana jioni nilimketisha jikoni, tukatazamana uso kwa uso, nikamwambia kwamba nimepata habari za kiwanda, na kwamba asipokubali nitakula kitunguu kibichi mbele yake, kizima, na maganda yake. Nilikuwa nimekishika mkononi. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akajifuta macho kwa ncha ya khanga, kisha akakubali. Nami nikaenda chumbani kwangu, nikajifungia, na sikushona chochote.

Mpishi sitaki. Mwanangu ameniambia kwamba uani kwako kuna chumba ulichokuwa ukihifadhia vyombo vya kupimia viwanja, na kwamba siku hizi kimekaa bure, na kwamba kutoka hapo hadi nyumba atakayokaa binti yetu mtu anaweza kwenda na kontena na kurudi bila chakula kupoa. Mimi sichukui nafasi kubwa. Nashona mchana, nalala mapema, na kelele sina tena.

Usihangaike kunijibu, kwa sababu jibu halitanikuta. Nimeona posta inachelewesha mambo, kwa hiyo barua hii nampa mwanangu akuingizie ndani mwenyewe. Ukifika mstari huu, mkwe wangu, njoo ufungue lango. Lori limesimama nje, nimekaa mbele, cherehani iko miguuni kwangu.